Lita Zilizojificha Nyumbani: Hotuba Niliyoitoa Tanga

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na vijana mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, shikamooni mnaostahili shikamoo, na ninyi wengine hamjambo. Nawashukuru walionialika. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na mwalimu mstaafu akikabidhiwa kipaza sauti hajui kukirudisha. Kwa hiyo nimeweka saa yangu hapa mezani, na pembeni ya saa nimeweka kapu hili mnaloliona, lililojazwa vitambaa na kufunikwa kwa kanga mbili. Ndani yake mna sufuria ya wali wa nazi ambao ulichemka dakika chache tu hapo nje, kabla sijaingia, kisha ukaondolewa jikoni. Ndani ya kapu hamna moto wala kaa. Tutalifungua nikimaliza, na wali ukiwa mbichi mtanicheka hadharani, na mtakuwa na haki.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu mmoja mmoja anavyoweza kujiandaa kwa mabadiliko ya tabianchi na kwa kupungua kwa mafuta. Kwa kawaida mambo haya mawili huzungumzwa katika vikao viwili tofauti, la kwanza na watu wa mazingira, la pili na watu wa uchumi, na kila kikao huondoka na hofu yake. Mimi naona kwamba yakifika nyumbani kwako hupita mlango mmoja. Mafuta hayatakwisha siku moja kama pipa linavyokauka. Yatatuaga kidogo kidogo kwa njia ya bei, na bei hiyo hatutaikuta kwenye kituo cha mafuta peke yake bali kwenye sukari, samaki, mbolea, nauli na mtungi wa gesi. Mvua nayo haitatuacha siku moja; itachelewa, kisha itakuja yote kwa wiki moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kujiandaa ni kuzihesabu lita za mafuta zilizojificha ndani ya siku yako, kisha kuanza kuzitoa moja moja, ukitangulia na zile ambazo hutaumia kuzitoa.

Najua swali ambalo tayari limekaa vichwani mwa wengi. Mwalimu huyu anatutisha habari za upungufu wa mafuta, ilhali bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa hapa kwetu Chongoleani? Swali ni la haki, na naomba tulifanyie hesabu badala ya ushabiki. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yake ni mazito, yenye nta, hata yanalazimika kupashwa moto kufikia nyuzi 50 ili yatiririke. Likifanya kazi kwa kiwango chake cha juu limekusudiwa kubeba mapipa 216,000 kwa siku, na pipa moja ni lita 159. Nambari hiyo ni kubwa mno mtu akiwa amesimama Chongoleani. Lakini dunia nzima hutumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku, maana yake ni kwamba kazi ya siku nzima ya bomba letu dunia huimaliza kwa muda wa dakika tatu hivi. Mafuta ya Uganda yanayokadiriwa kuweza kuchimbuliwa ni mapipa bilioni 1.4, dunia ikiamua kunywa hayo tu, yataitosha siku 14.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo husahaulika kuliko la kwanza. Kitakachofika Chongoleani ni mafuta ghafi, na mafuta ghafi hayaingii kwenye pikipiki. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER cha Dar es Salaam, kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo petroli, dizeli na mafuta ya taa tunayotumia yanatoka kwenye viwanda vya ng'ambo yakiwa yamekwisha kusafishwa. Mafuta ya Hoima yatalala kwenye matangi, yatapakiwa melini, yataondoka. Watu husema Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo; basi hao ndio waja leo wenyewe. Sisemi kwamba bomba halina faida, kwa maana ajira zipo, bandari itapata kazi, na serikali itapata tozo. Ninachosema ni kwamba mtu asiache kujiandaa kwa sababu bomba linapita karibu na kwao, kama vile mtu aliyejenga kando ya reli asivyopanda treni bure.

Kuhusu swali la lini mafuta yatapungua, niwe mkweli, kwa sababu walionitangulia katika kutabiri wameaibika. Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, aliyekuwa akifanya kazi Shell, alisema kwamba uchimbaji wa mafuta nchini kwake utafika kilele kati ya mwaka 1965 na 1970, kisha utaanza kushuka. Walimcheka. Mwaka 1970 uchimbaji ulifika kilele, ukashuka kwa miongo mitatu na zaidi, na waliocheka wakanyamaza. Lakini baadaye Wamarekani wakajifunza kuupasua mwamba mgumu kwa maji ya shinikizo kubwa na kuyatoa mafuta yaliyobanwa ndani yake, na kufikia mwaka 2018 walikuwa wamekipita kile kilele cha 1970. Mzee Hubbert alikuwa sahihi kwa muda mrefu, kisha akawa si sahihi. Ndiyo maana hamtanisikia nikiwatajia mwaka. Ninalolijua ni kwamba mafuta rahisi, yale ya kutoboa ardhi yakaruka yenyewe, yalitangulia kuchimbwa kwa sababu yalikuwa rahisi, na kila pipa linalofuata linadai kisima kirefu zaidi, bahari yenye kina zaidi au mwamba mgumu zaidi. Gharama hiyo hulipwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo yuko mwisho wa foleni, yaani sisi.

Wazee mliomo humu hamhitaji mtaalamu wa Marekani kuwaeleza. Mwaka 1973, baada ya vita vya Mashariki ya Kati, bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12 kwa miezi michache, na miaka ile ya mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1980, mafuta yalipopanda tena na sisi tukiwa tumetoka kwenye vita vya Kagera, mnakumbuka kwamba Jumapili baada ya saa nane mchana magari yalikatazwa kutembea. Mnakumbuka foleni za mafuta ya taa, chupa zimepangwa chini kuwawakilisha wenyewe waliokwenda kukaa kivulini. Vijana wanadhani hizo ni hadithi. Lakini vijana nao wana yao: mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, vita ambavyo hakuna mtu wa Tanga aliyevianzisha, bei kikomo ya petroli inayotangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi ilipita shilingi 3,000 kwa lita, hadi serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuipunguzia makali. Mwaka huo huo mbolea ilipanda mno, kwa sababu urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na gesi ilikuwa imepanda. Mkulima wa mahindi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli akajikuta anailipia vita ya mbali.

Na sisi watu wa Tanga tuna kovu letu wenyewe kutokana na mafuta, ingawa hatuliiti hivyo. Babu yangu aliletwa huku kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, kukata mkonge. Mmea huo uliingizwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ikatoka nchi iliyoongoza duniani kwa mkonge, ikazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Halafu zikaja kamba za nailoni na za plastiki, ambazo malighafi yake ni mafuta ya petroli, na kwa kuwa mafuta yalikuwa rahisi, kamba zake zikawa rahisi. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ukiwemo uendeshaji wa mashamba yenyewe baada ya kutaifishwa, na sitaki kuzificha. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na tani 20,000 hivi. Makambi yakanyamaza, reli ndogo za mashambani zikaota majani. Mafuta yalipokuwa rahisi yalitunyang'anya mkonge. Yakiwa ghali yatatunyang'anya nauli. Ninyi mtaona kama ni haki kuyapenda kiasi hiki.

Nije kwenye tabianchi. Tangu mwaka 1958 wanasayansi wamekuwa wakipima hewa ya ukaa, ile itokayo tukichoma mafuta na kuzuia joto la dunia lisitoroke, juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Walipoanza waliikuta sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa, na sasa imepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulizidi nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Kina cha bahari kinapanda, na kasi yake kwa miaka ya karibuni imezidi milimita 4 kwa mwaka. Milimita 4 ni unene wa sarafu mbili tu, na mtu anaweza kusema si kitu. Lakini ufuko wetu ni bapa, na bahari ikipanda kidogo hula ardhi nyingi kwa upana.

Hapa naomba tuwe waangalifu, maana kuna tabia siku hizi ya kuibebesha tabianchi kila kosa. Wengi hunitajia Maziwe, kile kisiwa cha mbele ya Pangani ambacho kilikuwa na mivinje na kasa wakija kutaga kwa wingi, na ambacho leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Kisiwa kile kilipoteza miti yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni ukataji wa miti na nguvu ya mawimbi na mikondo. Sitaki mtu atoke hapa akidai kwamba Maziwe ni ushahidi wa tabianchi pekee. Ni ushahidi wa jambo jingine ambalo linatuhusu zaidi: kwamba ardhi iliyovuliwa miti yake haisubiri bahari ipande sana.

Mto Pangani una habari iliyo wazi zaidi. Mto huu unaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na njiani unamwagilia mashamba, unajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na mabaki ndiyo yanayofika mdomoni. Maji yakipungua huko juu, bahari hupanda mto, na wenye minazi na mpunga kando ya mto wanajua chumvi imefika wapi kuliko mtaalamu yeyote. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na watu hupenda kusema mto unakufa kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba mto unategemea zaidi mvua na misitu ya mlimani kuliko barafu, na hiyo ni habari njema kidogo, kwa sababu barafu hatuwezi kuirudisha lakini msitu tunaweza kuulinda.

Kuna atakayeniuliza: sisi tumechafua nini? Jibu ni karibu hakuna. Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa ya mafuta kwa mwaka, na Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Waliochafua wanapaswa kulipa, na wanaotuwakilisha katika mikutano mikubwa wasilegee kudai. Lakini haya ninayowaeleza leo si toba. Hatuzitoi lita majumbani mwetu ili kuiokoa anga. Tunazitoa ili lita hizo zisituburute zitakapopanda bei.

Nianze na miguu. Tanga ni mji wa baiskeli, na nashangaa kwamba tumeanza kuona haya kwa jambo ambalo miji ya Ulaya inatumia fedha nyingi kulipata. Mji wetu ni tambarare. Ngamiani imepangwa kwa barabara zilizonyooka zenye namba, hata mgeni hapotei, na kutoka Barabara ya Kwanza hadi ya mwisho hakuna mwendo wa kumtoa jasho mtu mzima. Akina mama wa Tanga wanaendesha baiskeli kwenda sokoni bila mtu kugeuka kuwatazama, jambo ambalo katika miji mingine bado ni kioja. Hata hivyo naona kijana akikopa kununua pikipiki ya kwendea kazini umbali wa kilomita 3. Siwakatazi bodaboda kazi yao, wanalisha familia. Ila natazama ule mkataba wa pikipiki, ambapo dereva anampelekea mwenye chombo kiasi kile kile kila siku na petroli ni juu yake, nikaona kwamba bei ikipanda shilingi 300, mwenye chombo hapungukiwi hata senti, na mzigo wote unamkalia aliye juu ya tandiko. Kijana anayeingia mkataba wa namna hiyo aulize kabla ya kusaini: petroli ikipanda, tunagawanaje? Asipopata jibu, ajue jibu ni yeye. Pikipiki za umeme nazo zimeanza kuingia nchini, na naziombea heri, lakini mwenye kutaka kukopa kwa ajili yake aulize kwanza betri inachajiwa wapi, na ikichoka itabadilishwa na nani na kwa bei gani. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

Bahari nayo ina lita zake. Mvuvi mwenye mashine huanza siku akiwa na deni la petroli kabla hajaona samaki, na akikosa hurudi na deni mara mbili. Simwambii aitupe mashine, maana mashine imeokoa watu kwenye dhoruba. Namwambia asiuze tanga na foromali yake, ule mti unaolibeba tanga. Nimeona mashua zetu zikichongwa siku hizi bila hata mahali pa kusimamisha mlingoti. Kaskazi na kusi havijapandishwa bei, na nahodha anayejua kwenda kwa upepo na kurudi kwa mashine anatumia nusu ya mafuta ya mwenzake. Ujuzi huo uko kwa wazee, na wazee wanaondoka.

Jikoni ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndiko lita zilikojificha vizuri kuliko mahali pengine popote. Serikali ina mkakati wa miaka 10, kuanzia 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na nauunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa mkaa unamaliza misitu ya Handeni na Kilindi na moshi wa kuni unamaliza mapafu ya mama zetu. Lakini tusidanganyane kuhusu gesi ya mtungi. Gesi hiyo inatokana na mafuta na visima vya gesi vya ng'ambo, inakuja kwa meli, na inalipiwa kwa dola. Aliyehama kutoka mkaa hadi mtungi amefanya vyema kwa mapafu na msitu, lakini ameingia kwenye foleni ile ile ya bei. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba nyumba isiwe na jiko moja. Mwenye umeme awe na jiko la presha la umeme kwa ajili ya maharage na makande, maana chungu kizima cha maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Mwenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini, na Tanga tunao wafugaji wengi wa maziwa, anakaa juu ya biogesi anayoitupa kila asubuhi kwa koleo; na kama mnadhani hiyo ni nadharia, pale Hale ulijengwa mtambo unaotoa gesi kwenye mabaki ya mkonge, kwa sababu katika jani la mkonge nyuzi ni sehemu ndogo sana na mengine yote yalikuwa yakitupwa. Na asiye na umeme wala ng'ombe anaweza kuwa na kapu.

Kapu hili halina siri. Chakula kikishachemka, moto unaoendelea kuwaka chini yake, sehemu kubwa unapasha hewa ya jikoni. Kinachohitajika ni joto lisitoroke tu. Ukikizungushia vitambaa vikavu, majani makavu au mabaki ya sponji za godoro, ukakiziba vizuri juu, kitaendelea kuiva chenyewe. Mchele unataka kama saa moja, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kuchemka robo saa yanataka saa tatu au zaidi, na yasipoiva unayarudisha jikoni kidogo. Mke wangu alinikatalia kwa mwezi mzima, akisema chakula cha kapuni ni cha wagonjwa. Siku mtungi ulipokwisha ghafla, usiku, wageni wakiwa barazani, kapu likaingia jikoni na halijatoka.

Kuhusu maji, nitawapa hesabu moja na mtaifanya wenyewe kwa mapaa yenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Paa la mita za mraba 50, ambalo ni la nyumba ya kawaida, likipata mvua ya milimita 20 ya usiku mmoja wa masika, limeshusha lita 1,000. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Hata tukitoa moja ya tano kwa kumwagika, paa hilo limeangusha lita 40,000, yaani madumu 2,000 ya lita 20, na tumeyaacha yaende mtaroni yakachimbe barabara. Mwenye uwezo ajenge tangi, asiye na uwezo aanze na pipa. Mvua ya kwanza imwagwe, kwa sababu inaosha vumbi na mavi ya ndege. Na tangi lifunikwe kabisa, pasiwe na upenyo wa mbu: mwaka 2019 homa ya dengue ilipopiga Dar es Salaam na hapa Tanga, tulijifunza kwamba mbu yule hapendi dimbwi chafu, anapenda maji safi ya kwenye mapipa yetu.

Shambani nitapita haraka, kwa sababu wengi wenu ni wakulima kuliko mimi. Anayetegemea mahindi peke yake na mbolea ya dukani peke yake ana shamba lililopandwa juu ya bomba la gesi. Mihogo huvumilia jua, kunde na mbaazi hujitengenezea mbolea yake ardhini, samadi ipo, na makopa, yaani vipande vya muhogo, yakikaushwa vizuri hukaa miezi. Bada, yaani ugali wa makopa, kwa samaki si chakula cha shida. Ni chakula ambacho hakikuja kwa lori.

Nimesoma habari za watu wa nchi tajiri wanaojiandaa kwa mambo haya haya kwa kununua chakula cha miaka miwili, kukifungia chini ya nyumba na kukaa juu yake na bunduki. Jaribuni kufanya hivyo Barabara ya Kumi na Mbili. Siku ya tatu mtaa mzima utajua una magunia mangapi, siku ya nne jirani atatuma mtoto na kibaba. Kwetu huwezi kujiandaa peke yako hata ukitaka, na nadhani ni nafuu. Kikundi cha akina mama wanaocheza upatu kinaweza, badala ya kununua vyombo vya kabatini mzunguko huu, kununua tangi kwa kila mmoja kwa zamu. Tangi la tatu likisimama, fundi anakuwa ameshajua kazi, na bei ya mifereji ya bati inashuka kwa kuwa mnanunua pamoja.

Niwaambie na nililoshindwa. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua wanafunzi tukaenda kupanda mikoko, tukachomeka zile mbegu ndefu kama penseli kwenye tope wazi lililo mbele ya bahari, kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, tukapiga na picha. Bamvua moja, maji makuu ya bahari, ikazichukua zote. Mvuvi aliyekuwa akitutazama tangu asubuhi akaniambia, baadaye, kwamba pale hapajawahi kuwa na mkoko tangu alipozaliwa. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema, mwalimu hukuuliza. Mwaka uliofuata tulikwenda mahali alipotuonyesha, penye visiki vya zamani, na kazi kubwa tuliyoifanya haikuwa kupanda bali kuwaomba watu wasikate kwa misimu kadhaa. Mikoko ikarudi yenyewe.

Saa yangu inaonyesha nimesema kwa saa moja na dakika nane. Kabla ya maswali, naomba mama mmoja kati yenu aje alifungue kapu hili, asiwe jamaa yangu, na atie kijiko katikati ya sufuria, si pembeni, awaambie wenzake alichokikuta.